Tumbo Halijarudi, Wifi Anasema Nikashonwe

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wa kike. Nina miaka 33, naishi Mbagala. Mdogo ana mwaka na miezi miwili, ameshaanza kukimbia, lakini tumbo langu bado liko vilevile alivyoliacha. Sisemi kitambi. Mikono imepungua, uso umepungua, hata nguo za mabegani zinanipwaya, ila kuanzia chini ya matiti tumbo linatoka mbele utadhani mimba ya miezi mitano. Asubuhi huwa limelala kidogo, jioni nikishakula limejaa. Juzi kwenye daladala konda alimwinua kijana wa watu: "Mpishe mama kijacho akae." Nikakaa, Anti. Ningesemaje mbele ya abiria wote wale?

Kinachonitisha ni nikilala chali halafu nitake kunyanyuka. Katikati ya tumbo, toka kifuani hadi kitovuni, panainuka mgongo mrefu kama boflo. Nikibonyeza hapo nikiwa nimeinua kichwa, vidole vitatu vinazama bila shida. Na kitovu ambacho siku zote kilikuwa kimeingia ndani sasa kimetoka. Juu yake kidogo kuna kiuvimbe ambacho nikilala kinarudi, nikikohoa nakisikia kinagonga kidole.

Mgongo unaniuma, hasa kiunoni. Naamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, nainamia jiko mpaka kumekucha, na maji nabeba mwenyewe. Kingine ambacho sijamwambia mtu: nikipiga chafya mkojo unanitoka kidogo.

Mama mkwe anasema nimejitakia, nilikimbia kukandwa. Ni kweli uzazi wa mwisho niligoma, maji yalikuwa yanaunguza. Baadaye nikanunua mkanda, nauvaa kutwa nzima mpaka pumzi inakata. Nafuata pia mazoezi ya kwenye simu, yale ya kulala na kunyanyuka mikono ikiwa kisogoni, lakini naona ule mgongo wa katikati ndiyo unazidi kusimama.

Mume wangu hajawahi kunisema vibaya. Ila anataka tujaribu mtoto mmoja zaidi, huenda akawa wa kiume. Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwenye kliniki moja ya binafsi. Waliniangalia nikiwa nimesimama, wakasema misuli imeachana, hairudi yenyewe, dawa yake ni kushonwa tu, na nikitoa malipo ya awali kabla mwezi haujaisha nitapunguziwa. Bei yote inakaribia fedha za kikoba ninazodunduliza ninunue kiwanja Mkuranga. Wifi anasema kiwanja kinasubiri, mwili hausubiri. Tangu tutoke pale wananipigia simu.

Anti, misuli ikishachanika hivi ni lazima ishonwe? Nisiposhona itaendelea kupasuka? Na nikishona kisha nikashika mimba, itakuwaje? Naomba jina langu lisitajwe.

Mama wa Watatu, Mbagala

---

Marahaba, mwanangu.

Wewe umeuliza swali moja, la kushona au kutoshona, lakini kwenye barua yako nimeona mambo manne yamefungwa pamoja. Kuna tumbo lililotoka. Kuna kiuvimbe cha kitovuni. Kuna mkojo. Halafu kuna wifi, mama mkwe, mume na watu wa kliniki, kila mmoja na lake juu ya mwili wako. Ukiyabeba yote kwa mpigo utalipia moja ukitegemea yaondoke manne.

Kwanza nikutoe hofu. Kwa jinsi unavyoeleza, hakuna kilichochanika. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba toka mbavuni hadi mfupa wa kinena, na katikati yake kuna utando mgumu unaoishikanisha. Mtoto anapokua tumboni utando huo unavutika, unakuwa mpana na mwembamba, misuli inasogea pembeni na kuacha pengo katikati. Wengine wakijifungua unajikaza wenyewe, wengine unabaki umelegea. Lakini haukai ukijipasua siku hadi siku kwa sababu umeinuka kitandani au umebeba mtoto. Mimba nyingine inaweza kuupanua, na unene unaokaa tumboni pia.

Halafu ujue hili ni la wengi kuliko linavyosemwa. Watafiti wa Ureno waliwafuatilia wanawake wa mimba ya kwanza, na matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kufikia wiki ya 35 kila mmoja wao alikuwa na pengo hilo. Miezi sita baada ya kujifungua lilikuwa limebaki kwa 39 kati ya kila 100. Mwaka 2016 wenzao wa Norwei wakatoa matokeo ya akina mama 300: mwaka mmoja baada ya uzazi wa kwanza, karibu mmoja kati ya watatu bado alikuwa nalo. Wewe umezaa watatu. Hao wa Norwei walikuta na jambo jingine ambalo ningependa wifi yako alisikie: wenye pengo hawakuwa wakiumwa mgongo kuliko wasio nalo.

Ndiyo maana nakuuliza, una uhakika mgongo wako unaumwa kwa ajili ya tumbo? Inawezekana kabisa, kwani misuli ya mbele ikiwa dhaifu, ya nyuma inafanya kazi ya ziada. Lakini mtu anayeinamia jiko la chini toka saa kumi usiku angeumwa mgongo hata kama hajawahi kuzaa. Kabla hujamtafuta daktari wa kisu, jaribu kulipandisha jiko juu ya matofali mpaka ukaange umesimama wima, na maji yachote kwa ndoo ya lita kumi badala ya ishirini, hata ukienda mara mbili. Maumivu yakipungua, utakuwa umejua kitu ambacho kliniki haikukuambia.

Nije kwenye hiyo kliniki. Wamekuangalia umesimama. Mimi nimekuwa mkunga miaka mingi, na tumbo la namna hii mtu hulazwa chali, magoti yamekunjwa, akaambiwa ainue kichwa na mabega kidogo tu, kisha anapimwa juu ya kitovu, kwenye kitovu na chini yake. Na vidole havihesabiwi peke yake. Anayejua kazi anabonyeza asikie kama chini ni pagumu panarudisha kidole, au panazama. Mwanamke mwenye pengo la vidole vitatu na utando uliokaza anaweza kubeba gunia, na mwenye viwili na utando uliolegea akashindwa kumnyanyua mtoto. Chama cha mabingwa wa ngiri wa Ulaya, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2021, wanaanza kuliita tatizo pale pengo linapozidi sentimita 2, lakini hawasemi kila anayezidi hapo apelekwe chumba cha upasuaji. Mwongozo huohuo unataka mtu ajaribu mazoezi kwanza, kwa miezi isiyopungua sita.

Tena kuna maswali ya kawaida ambayo mkunga yeyote angekuuliza kabla ya kugusa misuli. Hedhi yako ikoje? Umepima mimba hivi karibuni? Tumbo linalotoka kwa mwanamke mwembamba linaweza kuwa pengo, linaweza kuwa gesi, linaweza kuwa uvimbe wa kizazi, na yanaweza kuwa mawili kwa pamoja. Altrasaundi ya kawaida itakueleza mengi hapo, na bei yake huwezi kuilinganisha na operesheni.

Sasa kitovu. Hapa ndipo nimesoma polepole, kwa sababu pengo na ngiri ni vitu viwili. Kwenye pengo utando umevutika lakini ni mzima. Kwenye ngiri kuna tundu, na kilichomo ndani, mafuta au hata utumbo, kinachungulia nje. Kiuvimbe kinachotoka ukikohoa na kurudi ukilala kinafanana sana na ngiri ya kitovu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Siwezi kukwambia hivyo ndivyo ilivyo kwa kusoma barua. Hilo ni la mkono wa daktari wa upasuaji, na hospitali ya rufaa ya mkoa wanaye. Ikiwa ni ngiri hesabu inabadilika: ngiri haizibwi kwa mazoezi, na huwa inashonwa kwa sababu za kiafya. Hata kadi ya bima mara nyingi huitazama tofauti na operesheni ya kupendezesha tumbo, kwa hiyo uliza. Mwambie daktari na habari ya pengo, kwa sababu ngiri ikishonwa juu ya utando uliolegea ina tabia ya kurudi kuliko ikishonwa penye utando imara, na hilo linaweza kumfanya achague njia nyingine.

Ila siku kiuvimbe hicho kikigoma kurudi, kikawa kigumu, kikauma, ngozi yake ikabadilika rangi, au ukaanza kutapika, usiulize mtu, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali muda huohuo. Utumbo ukibanwa unakosa damu na unaweza kuoza ndani ya saa chache.

Mama mkwe wako msamehe, anasema alichofundishwa. Nimewaona wazazi wengi wakikandwa na najua kuna faraja yake: maji ya uvuguvugu, mikono ya mtu anayekupenda, uji wa pilipili manga. Lakini maji ya moto hayasogezi misuli, na yakiwa ya kuunguza yanaunguza tu. Nimeshafunga bandeji kwenye mapaja ya wazazi kwa ajili hiyo. Kugoma kwako sikuoni kama kosa. Mkanda nao unasaidia kushika wakati unafanya kazi, hasa wiki za mwanzo, lakini ukiukaza mpaka pumzi ikatike, presha ya tumboni inatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni chini, kwenye njia ya uzazi na kibofu. Wewe mwenye mkojo unaotoka ukichafya ndiye hasa ningependa aulegeze.

Kuhusu huo mkojo, asante kwa kuusema. Ni misuli ya chini ya nyonga iliyochoshwa na mimba, na ina mazoezi yake: unaibana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unashikilia, unaachia taratibu, mara kadhaa kwa siku, miezi mitatu bila kukata tamaa. Wanawake wengi hupata nafuu. Ninachotaka ujue ni kwamba kushonwa tumbo si tiba ya mkojo. Kama kichwani umeuweka kwenye hesabu ya faida za operesheni, uutoe.

Yale mazoezi ya kwenye simu, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaoyakataza kabisa, wapo wanaosema hayana madhara kama misuli inaweza kuyabeba. Kipimo ni tumbo lako. Zoezi linalosimamisha ule mgongo katikati ni zito kwako kwa sasa, liache ushuke kwenye jepesi. Lala chali, magoti yamekunjwa, toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu kuelekea uti wa mgongo, bana na nyonga. Hilo ndilo la kuanzia. Kisha telezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha bila tumbo kuinuka. Ukitaka kunyanyuka kitandani, geuka ubavu kwanza ujisukume kwa mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupandisha hatua kwa hatua, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo hicho, ingawa wanawake hudhani ni cha waliovunjika miguu tu.

Nisikuuzie ndoto lakini. Mazoezi yanaweza yasilifunge pengo. Kwa mtoto wa mwaka na ushee, sehemu kubwa ya kile ambacho mwili ungejirudishia wenyewe umesharudisha, na hapo watu wa kliniki hawakukosea sana. Wanachopata wengi kwenye mazoezi ni nguvu: mgongo kutulia, tumbo kukaza wakati wa kunyanyua kitu, umbo kupungua kiasi. Wapo wanaofanya kwa moyo wote, nusu mwaka, na bado tumbo linaning'inia na kazi zinawashinda.

Hao ndio operesheni inawafaa zaidi, na kwao si anasa. Sweden walitoa utafiti mwaka 2019 wa wanawake waliokuwa wameshindwa kwa mazoezi, wakashonwa, na mwaka mmoja baadaye wengi mno walikuwa na nafuu kwenye kazi za kila siku. Daktari anaukunja utando uliolegea na kuushona ili misuli ikutane katikati. Wengine hupitia matundu madogo kwa kamera. Kama ngozi nayo imezidi, inakatwa, na hapo mshono unaweza kutoka nyonga hadi nyonga. Ni nusu kaputi, ni damu, ni hatari ya kidonda kuoza au maji kujikusanya chini ya ngozi, ni ganzi ya ngozi ambayo kwa wengine haiishi. Mara chache damu huganda kwenye mishipa ya mguu ikapanda mapafuni, na hiyo inaua. Baada ya hapo ni wiki kadhaa, mara nyingi sita au zaidi, za kutobeba kitu kizito. Kizito ni pamoja na mtoto wako wa mwisho, ndoo, na sufuria la unga wa vitumbua. Fedha za kliniki umezihesabu. Je, umezihesabu na siku ambazo jiko litakuwa limezimwa?

Na kama utaitaka operesheni kwa ajili ya sura tu, uvae gauni lako bila konda kukuita mama kijacho, sikuoni mpuuzi. Mwili ni wako na fedha umezitoa jasho. Ninachoogopa ni wewe kulala mezani kwa ajili ya mdomo wa wifi. Jiulize siku ukiwa peke yako, ukitoka kuoga: kama hakuna mtu angesema neno tena, ungeutaka huo mshono? Jibu lolote utakalopata ni halali.

Limebaki la mtoto wa nne, nalo naliona kubwa kuliko ulivyoliandika. Umesema mume anataka. Hukusema wewe unataka. Madaktari wengi humshauri mwanamke amalize kuzaa kwanza ndipo ashonwe, kwa sababu mimba inaweza kuuvuta tena utando ule ule. Aliyeshonwa akashika mimba kwa kawaida hubeba na kujifungua salama, lakini kazi ya fundi inaweza kulegea, na fedha hazirudi. Kwa hiyo mazungumzo ya chumbani kwenu yanatangulia mazungumzo ya kliniki. Mkikubaliana kuzaa, mna muda wa mazoezi kabla ya mimba, na kushona kunasogea mbele kwenyewe. Mkikubaliana mmefunga, mnahitaji uzazi wa mpango wa uhakika kabla ya kisu. (Na kwenye hilo la mtoto wa kiume, mkumbushe mwenzio kwa upole kwamba mbegu inayoamua jinsia hutoka kwake.)

Ukiona bado kliniki ile inakuvuta, rudi na maswali, bila pochi. Atakayenishona ni nani, na usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika ni namba ngapi? Amewashona wangapi wa tatizo hili? Mtu wa usingizi ni nani? Nikivuja damu usiku mnanipeleka wapi? Kitovu changu mmekionaje, ni ngiri au si ngiri? Ngozi itakatwa au utando tu? Mshono ukifunguka, kurudia analipa nani? Daktari mzuri hachukii kuulizwa. Punguzo la mwisho wa mwezi lisikuharakishe, kwa sababu pengo la mwaka mmoja halibadiliki kwa wiki tatu za kufikiri. Kitovu ndicho kisichopenda kungojeshwa, kwa hiyo wakikupigia tena kuhusu malipo ya awali, waambie bado una miadi na daktari wa upasuaji, na wewe ndiye utakayewapigia.